Kabati la bunduki ya shamba: shajara ya kazi, Januari hadi Machi

Jumapili, 19 Januari 2025

Tumerudi kutoka msibani Dodoma saa kumi na moja jioni, tukakuta mlango wa uani umeng'olewa kwa mtarimbo. Televisheni haipo. Mtungi wa gesi haupo. Hivyo vinauma, lakini vinanunulika tena. Kilichonikalisha kitini nikashindwa kuinuka ni ala ya bunduki. Waliitoa kabatini nyuma ya makoti, wakailaza juu ya godoro, zipu wazi mpaka mwisho, tupu.

Bunduki yenyewe ilikuwa kituoni. Kabla ya safari niliikabidhi polisi, ikaandikwa kitabuni, nikatia sahihi. Ningeiacha, leo ingekuwa mikononi mwao. Ila risasi sikuzipeleka. Zilikuwa kumi na nne, za namba 12, kwenye kopo la maziwa ya unga ndani ya droo ya kando ya kitanda. Kopo limeondoka nazo.

Usiku huu huu nimekwenda kutoa taarifa, nimeandika maelezo na nimepewa RB, yaani namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi. Naandika na hapa, kwa sababu huku Mvomero chini ya milima ya Nguru tuko wengi wenye bunduki moja ya kufukuzia nguruwe na nyani, na wengi wetu tunaiweka pale pale nilipokuwa naiweka mimi. Kijiji sitakitaja, na chumba nitakachotumia sitakitaja pia.

Jumanne, 21 Januari

Kabla mama watoto hajaanza kupanga vitu, nimemwomba anisubiri nizunguke nyumba na daftari. Nilitaka kujua walitafuta wapi.

Godoro limechanwa upande wa chini. Juu ya kabati la nguo, masanduku yameshushwa. Mfuniko wa dari pale koridoni umesukumwa, na alama za vidole vyenye masizi zimebaki kwenye ukingo wa mbao. Pipa la unga limemwagwa sakafuni. Ndoo ya mchele, hivyo hivyo. Nyuma ya pazia la stoo, chini ya kochi, ndani ya tangi la maji lisilotumika kule nje. Nimehesabu sehemu kumi na moja. Kisha nikakaa nikaandika sehemu ambazo mimi mwenyewe, tangu ninunue bunduki hii, niliwahi kufikiria kuificha. Zilikuwa nane, na zote nane zimo kwenye zile kumi na moja.

Mwizi naye amelelewa kwenye nyumba kama zetu. Amemwona mama yake akificha fedha kwenye mchele na baba yake akisukuma kitu darini. Maficho ambayo anaweza kuyafikia kwa mikono mitupu yanamchelewesha dakika chache tu, na akijua wenyewe mko msibani kwa siku nne, dakika anazo za kutosha.

Alhamisi, 23 Januari

Nimeitwa kituoni kuongeza maelezo. Afande anayeshughulikia masuala ya silaha amenipokea kwa heshima, lakini hakunibembeleza.

"Mzee wangu, hizo risasi kumi na nne ni zako mpaka zipatikane. Unajua zinaingia kwenye bunduki gani? Hata zile za kienyeji za kutengeneza kwa bomba zinazipokea."

Sikuwa na la kumjibu. Akanikumbusha kwamba chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, wajibu wa kuitunza silaha ni wa mwenye leseni, na leseni ni ya mtu mmoja, si ya familia. Bunduki itabaki kwao hadi nioneshe mahali pa kuihifadhi. Nimemwambia anipe miezi miwili. Kusema kweli nimefurahi kwamba iko huko. Uhakiki wa silaha wa mwaka 2016 nilipanga foleni na wenzangu, namba ya bunduki ikakaguliwa, nikarudi nyumbani nimeridhika kabisa, nikaitundika nyuma ya makoti.

Jumamosi, 25 Januari

Swali lililonisumbua wiki nzima ni jinsi walivyojua. Kwamba nina bunduki, kijiji kizima kinajua, maana hunipita njiani nikiwa nayo begani. Lakini ala waliitoa bila kuvuruga makoti. Nguo zilikuwa zimening'inia kama tulivyoziacha.

Leo mpwa wangu amekuja kunipa pole. Alikuwa kwetu Krismasi. Tumekaa chini ya mwembe, akawa ananizungusha, mwishowe akasema:

"Anko, kuna kitu nataka kukwambia, usinikasirikie. Ile Krismasi nilipiga picha na bunduki, nikaiweka status."

Akanionesha. Amesimama mbele ya kabati langu, mlango uko wazi, makoti yanaonekana, ala iko miguuni pake. Anacheka. Ilikaa saa ishirini na nne tu, anasema, na watu mia na kitu waliiona.

Siwezi kusema ndiyo iliyowaleta. Hakuna ajuaye. Lakini alilia, nami nilimshika bega, kwa sababu aliyemwacha kijana wa miaka kumi na tisa aifikie bunduki kabatini ni mimi. Siku ile wajukuu pia walikuwa wakikimbia mle ndani. Nikilifikiria hilo usingizi unakata kabisa.

Jumamosi, 1 Februari

Nimekwenda Morogoro mjini kutafuta fundi wa kuchomelea boksi la chuma la kufungia bunduki. Wa hapa kijijini wapo, tena wazuri, lakini karakana ya kijijini ni kijiwe, na kila anayesubiri jembe lake lichomelewe atauliza hilo boksi ni la nini. Nikisema ni la fedha nitakuwa nimewaita wezi wengine. Kule mjini nimesema ni kabati la vifaa vya shamba, na fundi hakuuliza zaidi.

Vipimo havikuwa vigumu. Bunduki yangu ni ya mitutu miwili, inakunjika katikati na kufunguka vipande vitatu: mitutu, kitako na mashine yake, na kile kishikio cha mbao cha mbele. Ikiwa nzima ina urefu wa sentimita 114. Ikifunguliwa, kipande kirefu ni mitutu, sentimita 71. Kwa hiyo boksi la sentimita 85 kwenda juu, 35 upana na 30 kina linatosha. Boksi fupi linajificha vizuri kuliko refu.

Fundi alitaka kutumia bati la geji 16, kama la milango ya nyumba. Nikamwomba kipande cha mabaki. Nimekiegemeza kwenye tofali, nikakipiga kwa shoka mara tatu, ncha ikapenya. Geji 16 ni milimita moja na nusu tu. Kipande cha milimita 3 nilikipiga mpaka shoka likapata pengo. Chuma kilibonyea lakini hakikutoboka. Uingereza kiwango cha makabati ya bunduki kinaanzia milimita 2. Tumekubaliana milimita 3 mwili mzima na 5 mlangoni.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeshinda karakanani tangu saa mbili asubuhi. Jambo lililotuchukulia muda mrefu ni bawaba.

Fundi alizichomelea nje, kama kawaida. Nikamuuliza, mtu akizikata na grenda? Akasema mlango utafunguka upande wa pili. Tukakaa tukalifikiria, na yeye ndiye aliyepata jibu, nampongeza sana. Alichukua fleti baa nene, yaani chuma bapa, akaichomelea upande wa ndani wa mlango kule kwenye bawaba, urefu wote. Mlango ukifungwa, ile fleti baa inaingia nyuma ya fremu kama ulimi. Tukajaribu papo hapo: tulichomoa pini za bawaba zote mbili, loki zikiwa zimefungwa, tukavuta watu wawili. Mlango ulicheza nusu sentimita ukagoma.

Kufuli ya kuning'inia nimeikataa. Mkasi wa chuma unaikata kwa pumzi moja. Tumeweka loki mbili za ndani, za ufunguo mrefu wenye meno pande zote mbili, moja juu na moja chini. Za kubonyeza namba zipo madukani na zinapendeza, lakini zinategemea betri, na unyevu wa kwetu siuamini.

Mzani wa karakana umesema kilo 41. Fundi alijivuna kwa uzito ule. Mimi nilisikitika, maana gunia la mahindi la kilo mia vijana wetu wanalitupa mgongoni wakiimba. Boksi la kilo 41 lisilofungwa chini ni zawadi: wanaondoka nalo, wanalikata kwao taratibu.

Jumamosi, 15 Februari

Boksi limefika usiku kwenye gari la Noah, chini ya magunia ya pumba. Leo nilipanga kulifunga ukutani. Imeshindikana.

Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma. Nilinunua bolti nne za kutanua, nikakodi drili, nikatoboa. Tundu la kwanza likaenda vizuri. Nilipoanza kukaza nati, tofali likatoa mlio mkavu, likapasuka mstari mmoja kutoka tunduni hadi pembeni. Nikasogea sentimita ishirini. Bolti ikakaza, nikafurahi, nikaivuta kwa mkono ikatoka na vumbi jekundu, nzima nzima. Bolti ya kutanua inahitaji kitu kigumu cha kuisukuma, na tofali letu ni laini, tena linashikwa na udongo zaidi ya saruji. Kwenye tofali la saruji lenye matundu ndani sidhani kama ingekuwa tofauti sana. Waliojenga kwa zege tupu wamebarikiwa.

Sakafu nayo, niliposugua kona moja, nimekuta lipu ya sentimita nne juu ya kifusi.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya ibada nimechimba. Mimi na kijana wangu wa mwisho tu, milango imefungwa, mama watoto amewasha redio kwa sauti. Shimo la sentimita 60 kwa 50, kina 25. Mchanga tuliutoa kwa ndoo tukaumwaga shambani nyuma ya migomba.

Ndani tumefunga wavu wa nondo za milimita 12, na bolti nne zilizopindwa mkia kama ndoano ili zege izishike. Ili zikae sawasawa na matundu ya sakafu ya boksi, nilikata plaiwudi nikatoboa matundu manne yale yale, bolti zikaning'inia humo wakati tunamimina. Kipimo ni moja, mbili, nne: saruji, mchanga, kokoto. Nusu mfuko wa saruji umetosha. Likishika litakuwa pande la kama kilo 180, chini ya sakafu, na boksi litakuwa limeng'ang'ania juu yake.

Hapa penye haraka ndipo watu wanapoharibu. Zege unalimwagilia asubuhi na jioni, unalifunika gunia bichi, unaliacha. Siku saba ndiyo mwanzo wa kuligusa; nguvu zake kamili linazipata baada ya siku 28.

Jumamosi, 1 Machi

Siku kumi na tatu zimepita. Tumelipandisha boksi juu ya bolti. Tatu zimeingia, ya nne imekataa kwa milimita sita, plaiwudi ilicheza wakati wa kushindilia. Nimelikuza tundu kwa tupa, saa nzima, mikono ikapata malengelenge. Nati ziko ndani ya boksi, juu ya vipande vya chuma vya mraba ili zisitoboe. Mlango ukifungwa hakuna mkono unaozifikia.

Mahali ni kona, ndani ya kabati la ukutani. Nilichagua kona kwa makusudi. Mtarimbo unahitaji nafasi ya kusukumia, na pale ukuta uko kushoto, ukuta uko nyuma, na upande wa kulia nimeacha upana wa kiganja. Mbele ya boksi kuna ubao uliopakwa rangi ya kabati, na mbele ya ubao kuna vitu vya nyumbani vya kawaida. Kwa hiyo ndiyo, nimeficha. Ila sasa nimeficha kitu ambacho hata kikionekana hakibebeki.

Kijana wangu nimempa mtarimbo na dakika kumi. Alitoka jasho, akachubua rangi, akakunja ukingo wa juu kidogo. Grenda ya betri ingelikata, hilo nalijua. Lakini grenda inapiga kelele kama inachinja, na jirani zangu wako mita thelathini. Kwenye ubao wa mbele nimeweka king'ora kidogo cha sumaku, vile vinavyouzwa kwa ajili ya madirisha. Ukisogeza ubao bila kukizima kinalia. Mbwa wa jirani wamekwisha kukichukia.

Jumamosi, 8 Machi

Tatizo ambalo sikulitarajia. Wiki iliyopita, kabla ya kufunga boksi, niliweka ndani msumari mpya wa nchi nne nilioung'arisha kwa msasa. Nilitaka kuona hali ya hewa ya mle. Leo nimefungua, msumari una unga wa rangi ya chungwa kichwani na kwenye ncha. Siku saba tu, na masika hayajachanganya vizuri.

Zege changa linatoa maji kwa wiki nyingi, na boksi limelikalia moja kwa moja. Nimefungua nati zote nne, nikaweka mpira wa tairi kati ya boksi na sakafu. Ndani nimepaka rangi ya kuzuia kutu, nimeliacha wazi harufu itoke, na nimebandika mbao nyembamba za mninga mahali mitutu itakapoegemea. Mama watoto amekusanya vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu na mabegi. Nimevikausha juani, nimevitia kwenye soksi. Ala sitairudisha humo. Turubai linakunywa unyevu na kuushikilia kwenye chuma.

Msumari mwingine umeingia leo.

Jumamosi, 15 Machi

Funguo.

Kwa siku tatu nimekuwa nikitembea nyumbani nikitafuta pa kuziweka, na kila nilipopaona nimegundua kuwa nimerudi kwenye pipa la unga. Anayepata ufunguo amepata bunduki. Kwa hiyo hauwekwi popote. Uko kwenye mkanda wangu mchana, na usiku uko shingoni. Wa akiba uko nje ya nyumba hii kabisa, mahali panapofungwa.

Ilibidi nizungumze na mama watoto. Tumeoana miaka thelathini na moja, hatujawahi kufungiana hata sanduku.

"Yaani mimi hunipi?"

"Sikupi, mama. Sheria inanitambua mimi peke yangu. Na kesho mtu akikushika akakwambia toa ufunguo, nataka uweze kusema huna, na iwe kweli."

Alinyamaza muda mrefu, akichambua mchele. Kisha akasema, "Basi na wewe usiseme kwa mtu yeyote kwamba ninao." Tumekubaliana hivyo.

Risasi zina kisanduku chao, chumba kingine, ufunguo mwingine. Na kile kishikio cha mbao cha mbele hakitakaa na mitutu. Bila kile, bunduki haikazi, na aliyeiba vipande viwili ana kazi ya kutafuta cha tatu. Rafiki yangu aliyeko Afrika Kusini ananiambia kule polisi huja kuliona sefu lako ndipo maombi ya leseni yaendelee, na sefu lina kiwango chake cha taifa. Nimeliona ni jambo jema.

Jumamosi, 22 Machi

Afande amekuja jana jioni bila sare, kama nilivyomwomba, ili majirani wasianze kuuliza. Ameukagua mlango, ameshika boksi kwa mikono miwili na kulitikisa, amepiga magoti akachungulia nati kwa tochi. Akaniuliza funguo ziko ngapi na ziko wapi. Nikamwambia. Akauliza tukisafiri je? Nikamwambia tukisafiri zaidi ya usiku mmoja inarudi kwenu, na safari hii risasi zinakwenda nayo.

Leo asubuhi nimekabidhiwa bunduki. Nimelinganisha namba iliyo kwenye bunduki na iliyo kwenye leseni, tarakimu kwa tarakimu. Nimeipiga picha pande zote, na ule mkwaruzo wa kitako pia. Picha na namba nimempelekea binti yangu mkubwa aliyeko Arusha. Ikipotea, maelezo hayatapotea nayo. Risasi mpya ni 25, zimeandikwa kwenye daftari.

Msumari wa pili, siku kumi na nne: unang'aa.

Jumamosi, 29 Machi

Saa nane usiku nguruwe wameingia kwenye mpunga. Mvua inanyesha. Nilihofia sana jambo hili, kwamba siku ya shida kabati litanichelewesha. Nimetazama saa: kuzima king'ora, kuondoa ubao, loki mbili, kwenda chumba kingine kuchukua kishikio, kisha risasi, kuunga bunduki. Dakika nne kasoro. Nguruwe hawakuwa na haraka, niliwakuta bado wanakula. Nimepiga risasi mbili hewani, wakavuka mto.

Nimerudi saa tisa na nusu, nimelowa hadi mifupani, natetemeka. Pale mlangoni kuna kona kavu ambayo bunduki hii imeegemea mara nyingi mno kusubiri asubuhi. Niliitazama ile kona. Nikavua koti, nikaketi kwenye kigoda na kitambaa na mafuta ya cherehani, nikaifungua vipande vitatu, nikapitisha kitambaa kikavu ndani ya mitutu mara sita mpaka kikatoka safi. Kila kipande mahali pake. Daftarini: zimetumika 2, zimebaki 23. Nimelala saa kumi na nusu.

Zile kumi na nne hazijapatikana. Baada ya Idi nitapita tena kituoni kuuliza.